Mkaa Uanzie Zizini: Funzo la Karagwe kwa Mashamba ya Tarime na Serengeti

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi jirani na Daraja la Kirumi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Wakazi waliozoea kuchota, kunywesha na kuvua hapo wakaonywa wasiyatumie. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyewahi kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na kabla mwezi haujaisha kamati ikaleta jibu ambalo wengi hawakulitarajia. Kilichouchafua mto, ilisema, ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe waliokuwa wakilishwa bondeni, pamoja na mimea iliyooza. Uozo huo ulimaliza oksijeni majini, samaki wakakosa hewa.

Jibu hilo lilizua ubishi mkali. Ng'ombe wamekunywa maji ya Mara tangu enzi za mababu, watu wakauliza, iweje leo ndio waue samaki? Wapo walioendelea kuunyooshea kidole mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, ambako mwaka 2009 maji ya mgodi yalivuja hadi Mto Tigithe na kuacha wasiwasi usiokwisha vijijini.

Makala haya hayaufufui ubishi ule. Yanashika jambo moja ambalo halihitaji kamati: bonde la Mara lina ng'ombe wengi, na sehemu kubwa ya kinachotoka kwa ng'ombe hao haifiki shambani. Naitrojeni na fosforasi zinazoitwa uchafu zikiingia mtoni ndizo zile zile ambazo mkulima wa Tarime anazinunua dukani kwa mfuko. Upande wa pili wa ziwa, wilayani Karagwe, watafiti wameshaonyesha njia mojawapo ya kuzizuia zisipotee, na kiungo chake kikubwa ni mkaa.

Shamba lisilo na daftari

Mto Mara ndio unaozitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti kabla haujatandaa kwenye matete na kuingia Ziwa Victoria. Kaskazini mwake, milima ya Tarime ina mvua ya kuridhisha, udongo mwekundu, kahawa, migomba na watu waliobanana. Shamba la babu liligawanywa kwa wana, la wana likagawanywa kwa wajukuu, na sasa kupumzisha ardhi ni habari ya kusimuliwa. Kusini, ukitoka Mugumu kuelekea Nata na Ikoma, mvua hupungua, mabonde yana udongo mweusi unaopasuka kiangazi, pamba na mtama vinachukua nafasi, na mpaka wa hifadhi unazuia mtu kwenda kufyeka shamba jipya. Sababu ni tofauti, lakini matokeo ni mamoja: ardhi ile ile inalimwa mwaka hadi mwaka.

Kila mavuno huondoka na kitu. Tani moja ya punje za mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, hubeba takribani kilo 15 za naitrojeni na kilo 3 hivi za fosforasi. Magunia hayo yakivushwa Sirari kwenda Kenya, mkulima hupokea bei ya mahindi, lakini virutubisho vilivyomo hakuna anayevilipia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wataalamu wa Uholanzi waliojaribu kuliandika daftari hilo kwa Afrika kusini mwa Sahara walikadiria, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba kila hekta iliyolimwa ilikuwa ikipoteza kwa wastani kilo 22 za naitrojeni, kilo 2.5 za fosforasi na kilo 15 za potasiamu kwa mwaka. Mkulima hahitaji takwimu hizo kulijua deni lake. Huliona kwenye mahindi yanayoanza kugeuka manjano kwenye majani ya chini, kwenye miche yenye rangi ya zambarau pembezoni mwa jani, na kwenye kiduha, lile gugu lenye maua mazuri ambalo hunyonya mizizi ya mahindi na mtama, na hushamiri zaidi pale udongo unapochoka.

Serikali haikukaa kimya. Agosti 8, 2022, kwenye kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea iliyoshusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP au urea hadi shilingi 70,000, wakati bei ya sokoni ilikuwa imepita 120,000. Mfuko mmoja wa urea una naitrojeni kilo 23, kwa hiyo hatua hiyo ilikuwa ya maana. Lakini mbolea ya dukani ina masharti yake. Ikimwagwa kwenye udongo uliokwisha mboji na wenye uchachu, sehemu kubwa huoshwa na mvua au hushikwa na udongo kwa namna ambayo mzizi hauwezi kuichukua. Fosforasi ndiyo inayoteseka zaidi kwenye udongo mwekundu. Mkulima hulipa mfuko mzima na mmea ukala robo.

Swali la watafiti wa Karagwe lilianzia hapo: kabla ya kununua virutubisho vipya, vile vilivyomo ndani ya uzio vinakwenda wapi?

Chungu, choo na shamba

Karagwe iko Kagera, kwenye vilima vyenye udongo uliotokana na volkano. Udongo wa aina hiyo una sifa nyingi njema na kasoro moja kubwa: huishika fosforasi kwa nguvu na kuinyima mimea. Kwa miaka kadhaa asasi ya MAVUNO na ile ya CHEMA, zote za wilayani humo, zilishirikiana na wahandisi na watafiti kutoka Ujerumani kwenye mambo matatu ambayo kwa kawaida hushughulikiwa na ofisi tatu tofauti. La kwanza ni gesi ya kupikia itokanayo na kinyesi na mabaki ya migomba. La pili ni majiko yanayotumia kuni kidogo na kubakiza mkaa. La tatu ni vyoo vinavyotenganisha mkojo na kinyesi, ambapo kinyesi hupashwa joto ndani ya tanuri la udongo hadi vijidudu vya maradhi vife, kisha kikachanganywa na mkaa, majivu na masalia ya jikoni na shambani kuwa mboji.

Ariane Krause, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, aliyaunganisha mambo hayo kwenye hesabu moja. Yeye na wenzake walipanda vishamba vya mita 9 za mraba, kila kimoja kikiwa na mazao saba yaliyochanganywa kama anavyochanganya mkulima wa pale. Vingine havikuwekwa kitu, vingine viliwekwa tope la mtambo wa gesi, vingine mboji ya kawaida, na vingine ile mboji yenye mkaa na kinyesi kilichosafishwa kwa joto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

Vishamba visivyowekwa kitu vilitoa mahindi kwa kiwango cha tani 1.10 kwa hekta. Vya tope la gesi vilitoa tani 2.63, vya mboji ya kawaida 3.18, na vya mboji yenye mkaa 4.40. Kwa lugha ya magunia, hayo ni kama kutoka magunia manne na nusu kwa ekari hadi karibu kumi na manane. Bila shaka kishamba cha mita 9 hutunzwa vizuri kuliko ekari, na hakuna mkulima mwenye akili atakayeahidiwa kwamba atavuna hivyo hivyo. Kinachofaa kuangaliwa ni tofauti kati ya kishamba na kishamba, na sababu yake.

Sababu hiyo ilipimwa. Udongo uliopata mboji yenye mkaa ulipungua uchachu, pH ikapanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi ambayo mmea unaweza kuichukua ikapanda kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 kwa kila kilo ya udongo. Kuhusu maji, watafiti hawakuona badiliko lolote la maana. Hili linafaa kukaririwa, kwa sababu wauzaji wa mkaa wa shambani hupenda kuanza na ahadi kwamba unahifadhi maji. Kwenye udongo wa kichanga huenda ikawa kweli. Karagwe, mahindi yalipona kwa kulishwa, hasa fosforasi.

Mkaa unafanya nini ardhini

Mkaa huu wataalamu huuita bayocha. Hutengenezwa kwa kuchoma masalia ya mimea kwenye joto la nyuzi 400 hadi 700 huku hewa ikibanwa, ili yasiteketee kuwa majivu. Takribani nusu ya kaboni iliyokuwa kwenye mmea hubaki kwenye mkaa, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo hukaa ardhini kwa mamia ya miaka bila kuoza. Kwenye bonde la Amazon kuna maeneo ya udongo mweusi uliorutubishwa na wenyeji wa kale kwa mkaa, mifupa na taka za nyumbani, na mpaka leo udongo huo una rutuba kuliko ule unaouzunguka. Ndio uliowafanya wanasayansi wa zama zetu waanze kuuliza maswali.

Ukiutazama kwa hadubini, mkaa umejaa vitundu. Kuta za vitundu hivyo hushika amonia, potasiamu na virutubisho vingine visikimbie na maji, na hukaliwa na vijidudu vyenye manufaa. Majivu yaliyobaki ndani yake hupunguza uchachu wa udongo, kazi ile ile inayofanywa na chokaa. Lakini mkaa mtupu, uliotoka tu motoni, ni ghala lisilo na nafaka. Ukiumwaga shambani ulivyo, utaanza kwa kujijaza wenyewe, na msimu wa kwanza unaweza kuinyima mimea naitrojeni. Ndiyo maana Karagwe waliuchanganya kwenye mboji kwanza.

Udongo nao una neno lake. Mwaka 2017 timu ya watafiti wa kimataifa ilikusanya majaribio ya mkaa kutoka sehemu mbalimbali za dunia na kukuta kwamba katika nchi za tropiki mavuno yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 25, wakati katika nchi za baridi hakukuwa na ongezeko. Udongo wa kwetu mwingi una uchachu na umechoka, kwa hiyo unafaidika. Kwa Mara hii ina maana kwamba jibu la Tarime haliwezi kunakiliwa Serengeti. Udongo mwekundu wa milimani, wenye uchachu, unaelekea kuupokea mkaa vizuri. Udongo mweusi wa mabondeni, na ule wa upande wa tambarare ambao asili yake ni majivu ya volkano na tayari una chumvichumvi, unaweza usione faida yoyote, au ukaharibiwa na pH inayopanda kupita kiasi. Kabla ya kusambaza mkaa, pimeni udongo.

Hesabu ya magunzi

Hapa ndipo mazungumzo mengi kuhusu bayocha hukwama, na ni vizuri kukwama mapema.

Nchini Kenya kumefanyika majaribio ya muda mrefu yenye matokeo ya kuvutia. Magharibi mwa nchi hiyo, watafiti John Kimetu na Johannes Lehmann na wenzao walieleza mwaka 2008 kwamba mashamba yaliyochoka zaidi, yale yaliyolimwa kwa miongo mingi tangu msitu ukatwe, yaliongeza mahindi karibu maradufu baada ya kuwekewa mkaa, wakati mashamba mapya hayakuhitaji sana. Jaribio jingine la miaka kumi, lililochapishwa mwaka 2019, lilikuta ongezeko la zaidi ya tani moja ya mahindi kwa hekta kila msimu, tena lililodumu mwaka baada ya mwaka. Hizo ni habari njema. Lakini katika jaribio hilo la miaka kumi, mkaa uliowekwa ulihesabiwa kwa makumi ya tani kwa hekta.

Sasa turudi Mara, tuseme Nyamwaga, wilayani Tarime. Ekari iliyotoa magunia 10 ya mahindi inabakiza magunzi ya kilo 180 hivi. Yakichomwa vizuri hutoa mkaa wa kilo 40, pengine pungufu. Kilo 40 kwa ekari moja, dhidi ya makumi ya tani! Ukizigawa kwenye mashimo ya mahindi ya ekari nzima, kila shimo litapata gramu mbili hivi, kiasi kisichojaza kijiko. Na magunzi hayo yana kazi nyingine: kwa mama wengi wa vijijini ndiyo kuni za kuwashia jiko, na mabua ni chakula cha ng'ombe mara tu mavuno yakiisha.

Watafiti wa Norway waliofanya kazi na wakulima wa Zambia walijaribu kulipunguza tatizo hilo kwa kuweka mkaa wa magunzi kwenye vishimo vya kupandia tu, badala ya kuutawanya shamba zima. Kwenye udongo wa kichanga walipata faida kwa tani chache. Bado ni tani, si kilo 40.

Kwa hiyo anayekuja Mara kumwambia mkulima ajaze shamba lake mkaa hajafanya hesabu, au anataka kuuza kitu. Hoja yenye miguu ni nyingine: mkaa ni kidogo, basi uwekwe mahali ambapo kidogo hufanya kazi kubwa. Na katika mji wa Mkurya, Mngoreme au Mwikoma, mahali hapo ni zizini.

Dhahabu iliyolala usiku

Kwa miaka mingi wizi wa mifugo uliwalazimisha wafugaji wa Tarime na Serengeti kulaza ng'ombe karibu na nyumba. Mchana ng'ombe hutembea, hula nyasi za mlimani na bondeni. Usiku hurudi na kuacha sehemu kubwa ya walichokula ndani ya duara moja la miti au mawe. Wazee walijua thamani yake. Zizi likihamishwa, pale lilipokuwa hupandwa, na mahindi ya hapo hutofautiana na ya jirani kwa rangi na kimo.

Lakini ingia zizini wakati wa masika. Tope linafika kwenye vifundo vya miguu ya ng'ombe, mkojo umetuama, na pale mteremko unapoanza kuna mfereji mdogo wa maji ya kahawia unaoelekea kijitoni. Harufu inayochoma pua ni amonia, yaani naitrojeni inayopaa hewani. Karibu nusu ya naitrojeni anayoitoa ng'ombe imo kwenye mkojo, na mkojo ndio hupotea wa kwanza. Samadi iliyokaa wazi kwa miezi, ikipigwa jua na kunyeshewa, inaweza kufika shambani ikiwa imepoteza nusu ya naitrojeni yake au zaidi. Mkulima huisomba kwa mkokoteni, jasho likamtoka, na kumbe anabeba zaidi nyuzinyuzi na udongo.

Mkaa ukitandazwa zizini hubadilisha hali hiyo. Hunyonya mkojo, hushika amonia, hupunguza harufu na tope, na kwato za ng'ombe huusaga bila malipo. Ukitolewa baada ya miezi kadhaa ukiwa umechanganyika na samadi, hauwi tena mkaa mtupu bali mbolea iliyobeba alichokitoa ng'ombe. Hapo kilo 40 za mkaa wa magunzi zina kazi. Zitatosha kutandaza sehemu wanapolala ng'ombe wachache, na mbolea itakayotoka ipelekwe kwenye mashimo ya migomba, kwenye mashina ya kahawa, kwenye vitalu na bustani ya mboga, sehemu ambazo debe moja huonekana. Ekari ya mahindi itangoja zamu yake mwaka wa pili na wa tatu.

Kuutengeneza hakuhitaji mtambo. Huchimbwa shimo lenye umbo la faneli, upana wa mita moja na nusu juu, kina kisichofika mita moja. Magunzi makavu huwekwa kidogo chini na kuwashwa kwa juu, si kwa chini kama moto wa kawaida, ili mwali uunguze moshi kabla haujatoka. Tabaka la juu linapoanza kuvaa majivu meupe, huongezwa tabaka jingine, na jingine, mpaka shimo lijae. Kila tabaka jipya hulikinga la chini lisipate hewa. Mwisho huzimwa kwa maji, na pale maji yalipo mbali, kwa kufukiwa udongo mpaka asubuhi. Mkaa uliochomwa vizuri hulia mkavu unapovunjwa, na vidole vilivyoushika husafika kwa maji matupu. Vidole vikibaki na mafuta yanayohitaji sabuni, moto ulikuwa hafifu, na mkaa huo urudishwe kwenye uchomaji unaofuata. Wakati wa kuusaga uloweshwe kwanza, kwa kuwa vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Wilaya ya Serengeti ina malighafi nyingine ambayo haimnyimi mtu chochote. Baada ya kuvuna pamba, wakulima hutakiwa kung'oa masalia na kuyachoma ili kuvunja mzunguko wa wadudu wanaojificha ndani. Moto huo huwashwa kila mwaka, na kila mwaka hubakiza majivu yanayopeperushwa na upepo. Masalia yale yale yakichomwa ndani ya shimo, wadudu watakufa vile vile, na mkulima atabaki na mkaa. Huko Tarime kuna maganda ya kahawa, ambayo mara nyingi hurundikwa tu karibu na mashine za kukoboa. Nchini Kenya, kampuni ya Safi Organics ya Mwea imejenga biashara nzima juu ya wazo la namna hiyo, ikigeuza pumba za mpunga za jirani kuwa mbolea yenye mkaa kwa wakulima wadogo.

Mambo ya kuogopa

La kwanza la kuogopa ni mti. Tanzania iko katikati ya vita dhidi ya mkaa wa kupikia. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuachana na kuni na mkaa tangu Januari 2024, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huo unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ikitokea siku mkaa wa shambani ukapata soko, hakuna kitakachomzuia mtu kukata mgunga na kusema anatengeneza bayocha. Kanuni lazima iwe nyepesi kukumbuka na kusimamia: mkaa wa shambani utoke kwenye masalia, usitoke kwenye mti uliosimama.

Hata hivyo vita hiyo na mkaa wa shambani vinaweza kusaidiana. Mtafiti Mary Njenga na wenzake wa Kenya na Sweden walifanya kazi na kaya za Embu, Kwale na Siaya wakitumia majiko yanayopika kwa gesi ya masalia na kubakiza mkaa. Mpishi alipata moshi mdogo na kutumia kuni chache, na chakula kilipoiva kulikuwa na mkaa wa kupeleka shambani au kuuza. Kwa mama ambaye magunzi yake ndiyo kuni zake, hiyo ndiyo njia pekee ya kuyatumia mara mbili.

La pili ni kazi. Kuchimba shimo, kukausha magunzi, kukesha na moto, kusaga, kutandaza na kusomba, yote hayo yanahitaji mikono, na majira yake hugongana na palizi na mavuno. Tafiti nyingi hupima tani za mahindi bila kupima saa za mtu, na katika kaya nyingi mtu huyo ni mama. Teknolojia inayoongeza gunia moja na kula wiki mbili za mwanamke haina haki ya kuitwa endelevu.

La tatu ni fedha za kaboni. Kwa kuwa mkaa huzuia kaboni isirudi hewani, kampuni za ng'ambo ziko tayari kuulipia. Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Wakulima wa Mara wanaujua uchungu wa mali inayotoka ardhini mwao ikanufaisha wengine. Dalali wa kaboni akifika kijijini, maswali ya kwanza yawe matatu: tani inauzwa bei gani huko nje, kiasi gani cha bei hiyo kinafika kwenye kaya, na mkataba unafungwa kwa miaka mingapi.

Kuhusu kinyesi cha binadamu, Karagwe imeonyesha kwamba kinaweza kusafishwa kwa joto na kurudi shambani bila madhara. Huko ni mbali kwa wengi, kwa sababu za usalama na za mila pia, na hakuna haja ya kuanzia huko. Zizi halina mwiko.

Kazi ya halmashauri na watafiti

Kituo cha TARI Ukiriguru, Mwanza, ndicho chenye jukumu la utafiti wa kilimo kwa Kanda ya Ziwa, na TARI Mlingano ya Tanga ndiyo inayobobea kwenye udongo. Halmashauri mbili za Tarime na ile ya Serengeti zina maofisa ugani, na baadhi ya vijiji vinapokea fedha za huduma za jamii kutoka mgodini na kutoka kwenye utalii. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Sehemu ndogo tu ingetosha kuendesha jaribio la misimu mitatu katika vijiji vya milimani na vya mabondeni: samadi ya kawaida, samadi iliyohifadhiwa chini ya paa, samadi iliyotandazwa mkaa, na nusu mfuko wa mbolea ya ruzuku pamoja na kila moja ya hizo. Paa lazima liwemo kwenye jaribio. Huenda mabati manne na sakafu yenye mteremko vikafanya kazi kubwa kuliko mkaa wote, na kama ndivyo, wakulima wanastahili kuambiwa. Yeyote atakayetaka kuiuza mbolea ya namna hiyo atapaswa kupita kwa mamlaka ya udhibiti wa mbolea, TFRA, lakini anayeitengeneza kwa shamba lake hahitaji kibali cha mtu.

Wala hahitaji kusubiri jaribio hilo lianze. Mwenye zizi na magunzi anaweza, kabla ya vuli, kutandaza mkaa upande mmoja wa zizi na kuuacha wa pili kama ulivyo. Apande mistari miwili ya mahindi kwa samadi ya huku na mistari miwili kwa samadi ya kule, mbegu moja, siku moja, palizi moja. Wakati wa kuvuna apime kwa debe. Asipoona tofauti, amepoteza mchana mmoja na gunia la magunzi. Akiiona, ana jibu la udongo wake mwenyewe, na watafiti watakapofika na madaftari yao watamkuta ana la kuwaambia.